Homa ya ini B: kabla ya kumsema mtu, uliza alizaliwa mwaka gani

Mleta uzi umeuliza homa ya ini B ipo zaidi kwa watu wa aina gani, kwa sababu kaka yako amekutwa nayo na ndugu wameshaanza kumwita mhuni. Pole sana, mkuu. Nakujibu kama mtu ninayeishi nayo, mwaka wa 9 huu.

Nilijua nilipokwenda kuchangia damu, maana damu ya mchangiaji hupimwa UKIMWI, kaswende na homa ya ini B na C. Mke wangu alipopimwa hakuwa nayo. Daktari akataka na nyumbani kwetu wapimwe. Mama akakutwa nayo. Dada yetu mkubwa, nayo. Mdogo wetu wa mwisho, wa mwaka 2004, hana kabisa, kwa sababu chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Sisi wakubwa ilitupita.

Jambo lenyewe ni umri wa kuambukizwa. Mtoto mchanga akivipata virusi, mara 9 kati ya 10 hubaki navyo maishani. Mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya 95 kati ya 100 mwili huvishinda wenyewe. Kwa hiyo wengi wetu tunaoishi na ugonjwa huu Afrika tuliupata kwa mama wakati wa kuzaliwa, au utotoni: vidonda vya kucheza, wembe mmoja kunyolea watoto wote wa nyumba. Nyumbani kwetu wembe ulikuwa mmoja. Ngono inaambukiza, ndiyo, lakini kumkuta nayo mtu wa miaka 40 hakukuambii lolote kuhusu tabia yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa na homa ya ini B mwaka 2022. Kabla ya chanjo, karibu watoto 5 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa nayo. Sasa hawafiki hata 1.

C ni habari nyingine, hukaa zaidi kwa wanaojidunga dawa za kulevya. Ila hata huko msihukumu: Misri ilisambaa kwa wakulima waliodungwa sindano za kutibu kichocho, zilizotumika mtu kwa mtu, hadi miaka ya 1980.

Kaka yako apime wingi wa virusi na hali ya ini, apige na ultrasaundi. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Mimi nilikaa miaka 3 nikifuatiliwa tu. Sahani na vikombe mtumie pamoja, wembe na mswaki awe na vyake. Wengine nyumbani mpime, wasio nayo wachanje sindano 3. Na kama shemeji yako ni mjamzito, aanze yeye, wiki hii: mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na chanjo ya kawaida ya kliniki huanza wiki ya 6. Waulizeni mapema wataipata wapi.