Muulize Fundi: Boila inanguruma kidogo afu inazima

SWALI: Fundi habari ya siku. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Lewiston kule Maine, kwetu ni Uvira. Nyumba tumepanga na inapashwa na boila ya mafuta iko besimenti. Juzi usiku mafuta yaliisha tumelala, tukaamka nyumba yote baridi. Kampuni ya mafuta wakasema mpaka Jumatatu, basi baba watoto akaenda stesheni akanunua dizeli galoni 10 akamwaga kwenye tangi. Sasa tukibonyeza kale kakitufe kekundu boila inanguruma sekunde chache afu inazima yenyewe. Jirani anasema tuendelee kubonyeza tu itashika, tumebonyeza mpaka tumechoka na sasa besimenti inanuka mafuta. Je dizeli imeharibu mashine? Na watoto wanatetemeka fundi.

JIBU: Poleni sana mama. Kabla hujasoma mstari mwingine, mtu yeyote asiguse tena hicho kitufe. Jirani mshukuruni ila ushauri wake muwekeni pembeni.

Sikiliza inavyofanya kazi. Kwenye bana, ile sehemu ya boila inayochoma mafuta, kuna kijicho kidogo kinachotazama moto. Ukibonyeza, mota inazunguka, pampu inasukuma mafuta kwenye nozeli, cheche zinaruka, na kijicho kinasubiri kuona mwanga, boila za siku hizi zinasubiri kama sekunde 15 na za zamani kama 45. Kisipoona moto kinakata kila kitu. Hiyo siyo ubovu, ndo ulinzi wenyewe. Sasa nyie kila mkibonyeza mnailazimisha ijaribu tena, na mafuta yoyote yaliyopita bila kuwaka yanabaki mle ndani kwenye chumba cha moto yanajikusanya. Siku ikishika yanawaka yote kwa mpigo, inalia buu! bomba la moshi linachomoka, na masizi yanaingia mpaka kwenye nguo za kabatini. Nimeingia kwenye nyumba za hivyo, ukuta wa jikoni unaupangusa na kitambaa kinarudi cheusi tii. Kwa hiyo sheria ni kubonyeza mara moja, isiposhika basi, unaita fundi.

Chanzo chenu nina uhakika mkubwa ni hewa. Tangi likikauka pampu inavuta hewa, na ukija kumwaga mafuta mapya hewa inabaki imekaa kwenye paipu, pampu inazunguka bure. Pia tangi linapofika chini kabisa boila inanyonya yale matope ya miaka yaliyolala, filta inaziba na nozeli inaziba, maana kitundu chake ni kidogo kuliko unavyofikiria.

Kuitoa hewa si kazi kubwa. Pembeni ya pampu kuna kanipo kadogo ka kutolea hewa, fundi anavalisha mpira mweupe unaoonyesha ndani, mwisho wake kwenye chupa, anafungua na spana ya inchi 3/8 halafu anawasha. Kwanza linatoka povu, linatoka mapovu mapovu, afu mafuta yanakuja mfululizo hayana hewa, anafunga na hapohapo moto unashika. Kama paipu zako ni mbili, ya kwenda na ya kurudi, mara nyingi inajitoa hewa yenyewe. Wapo wenye nyumba wanaojifanyia, sawa. Ila nyie LEO msijaribu, kwa sababu hiyo harufu inaniambia kuna mafuta ndani tayari. Zimeni swichi ya boila, ile yenye kibao chekundu, mara nyingi iko juu ya ngazi za besimenti, mwiteni fundi mwenye leseni na mwambieni ukweli mmebonyeza mara nyingi. Msione aibu, ndo kitu cha kwanza anachohitaji kujua ili aangalie ndani kabla ya kuwasha.

Dizeli haina shida kabisa, inakaribiana sana na mafuta ya kupasha nyumba, tofauti kubwa ni rangi na kodi ya barabara ndo maana inauma mfukoni. Mafuta ya taa pia yanaenda. PETROLI KAMWE, hiyo ni bomu. Na angalieni dumu mlilobebea, huku dumu la njano ni la dizeli, la bluu ni la mafuta ya taa, jekundu ni la petroli, msije mkamwaga dizeli iliyochanganyika na mabaki ya petroli.

Halafu mpigieni mwenye nyumba sasa hivi, na mtumieni meseji pia ibaki maandishi. Nani ananunua mafuta inategemea mkataba wenu, lakini mashine ni yake, na sheria ya Maine inataka nyumba ya kupanga iweze kufika nyuzi 68 za Fahrenheit, yani 20 za Selsiasi, hata kama nje ni nyuzi 20 za Fahrenheit chini ya sifuri. Kama mafuta yanawashinda bei pigeni 211 muulizie HEAP, ule msaada wa kulipia mafuta ya kupasha nyumba, na mwakani ombeni mapema kabla ya baridi maana foleni inakuwaga ndefu.

Kwa usiku huu laleni chumba kimoja, fungeni milango, acheni mabomba ya maji yadondoke kidogo kidogo yasigande. Na mama, najua nyumbani tulizoea mbabula ya makala, lile jiko la mkaa, ndani ya nyumba za huku usithubutu, wala usiwashe oveni ukaacha mlango wazi. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, mnalala na hamuamki.

SWALI: Tangi letu liko nje, Portland hapa. Baridi ikikaza boila inakufa, jua likitoka saa sita inafufuka. Wengine wanasema nyumba ina mambo.

JIBU: Nyumba haina mambo kaka, ni mafuta yanaganda. Yale ya kawaida yakishuka karibu nyuzi 15 za Fahrenheit yanaanza kutoa nta, yanakuwa mazito na filta ya nje inazibwa. Mwambie mwenye kuleta mafuta kwamba tangi liko nje, atakuchanganyia na mafuta ya taa, bei inapanda kidogo ila hutalala na koti. Kwa dharura pasha filta na paipu kwa ile mashine ya kukaushia nywele, taratibu. Moto wa gesi usiusogeze hapo hata kwa utani.