Windows 7 bado inafaa, ila ipangie kazi yake

Watu wanaokuja dukani kwangu hapa Chake Chake huniuliza mbona kompyuta ya kuchapia bado ina Windows 7, na jibu langu ni printa. Draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, imekomea humo, Windows mpya haiitambui kabisa, na printa yenyewe nzima haina tatizo, sasa niitupe kwa ajili gani? Lakini isiwe mtu akasikia hivo akaenda kuiwasha ya kwake akaanza kuingilia benki na imeli. Mie naitumia kwa masharti.

Sapoti ya Windows 7 iliisha tarehe 14 Januari 2020. Mashine haizimiki, itawaka kama kawaida, ila matundu yanayogunduliwa tokea hapo hayazibwi tena, na wezi wanajua hilo kwani likizibwa tundu kwenye Windows mpya wao huenda kuangalia kama ile ya zamani nayo inalo. Mwezi wa tano 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia mpaka kwenye mahospitali ya Uingereza, wala hakikungoja mtu abonyeze kitu, kilikuwa kinapita kwenye netiweki kutoka mashine hii kwenda ile, na dawa yake ilikuwa ishatolewa tokea mwezi wa tatu, waliopigwa wengi walikuwa watu wa Windows 7 ambao hawakuweka apdeti. Na hapo sapoti bado ipo!

Kwa hivo sharti la kwanza, mashine yangu hiyo haina intaneti. Waya nimeuchomoa, na waifai nimeizima kule ndani kwenye Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), si kwenye ikoni ya kule chini pembeni, mana dukani pana vijana na bando likiwaishia wanajua pa kukimbilia.

Sasa ukishakata intaneti mlango unaobaki ni flashi, na kwa sisi wa stesheneri huu ndio mlango mkubwa. Maalim anakuja na mitihani ya skuli, mwengine ana barua ya kazi, mwengine kadi za harusi, na flashi zote hizo zimeshapita mashine ngapi Mungu ndo ajuaye. Windows 7 ina nafuu moja, haiwashi programu ya kwenye flashi peke yake kama ilivokuwa Windows XP ya zamani. Ndo wenye virusi wakaja na hii ya shotikati: kirusi kinaficha mafaili yako ya kweli, kinaweka ikoni za majina yale yale, ukibonyeza umekiruhusu mwenyewe kwa mkono wako.

Dawa yangu ni laptopu chakavu niliyoipiga Linux (mfumo unaokaa badala ya Windows), ya aina ya LMDE 6, mana ina toleo la 32-bit, la mashine za zamani, ambalo Linux nyingi zishaliacha. Nikipewa flashi nasema, "Maalim samahani, ipite huku kwanza." Kwenye Linux kile kificho cha Windows hakifanyi kazi, mafaili yanaonekana yote, na zile shotikati zinajianika na mkia wao wa .lnk. Nazifuta pamoja na kila .exe na .vbs (mikia ya programu) ambayo mwenye flashi haijui, halafu ndo naipeleka kwenye printa. Kama huna mashine ya pili, basi kwenye Folder Options toa tiki ya kuficha mikia ya mafaili na uruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, ukikuta "barua.doc.exe" ushajua si barua hiyo, ni programu. Na mafaili ya mteja yakiwa yamefichwa usimwambie yamepotea, fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike attrib -h -r -s /s /d G:\*.* (G ni herufi ya flashi yako), yatarudi.

Jengine, usifanyie kazi za kila siku kwenye akaunti ya admin, ile yenye ruhusa zote. Fungua akaunti ya kawaida, ya admin iwe na paswedi na vijana wasiijue. Kirusi kikiingia kwenye akaunti ya kawaida mara nyingi hakipati nguvu ya kuvuruga mashine nzima. Na hizi Windows za kraki zinazogaiwa kwenye flashi, mie siziamini, aliyeifungua sijui kaweka nini ndani.

Kama huna budi kuingia intaneti na Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, Firefox wao wakaiwekea watu wa mashine za zamani toleo la 115 ESR (la kudumu muda mrefu). Tumia hilo kusoma habari tu, mambo ya hela fanya kwenye simu. Na tovuti zote zikikukatalia kwa mpigo, angalia saa kwanza kabla hujalaumu kirusi! Mashine za zamani betri yake ndogo ya CR2032 hufa, umeme ukikatika tarehe inarudi 2009 huko na vyeti vya tovuti vyote, vinavyothibitisha kwamba ndiyo yenyewe, vinaonekana batili. Badilisha betri, rekebisha tarehe, kwisha.

Kopi za kazi zako ziweke kwenye hadidiski ya nje na uichomoe ukimaliza, ikibaki imechomekwa kirusi cha kufunga mafaili kitaifunga nayo.

Nyie wa Windows 10 mnaotucheka, yenu nayo sapoti yake imeisha 14 Oktoba 2025. Ukijiandikisha ule mpango wa nyongeza unapata apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) ambayo mashine nyingi za mtumba hazina, kwa hivo anzeni saivi kuamua ipi itabaki na intaneti na ipi itakatwa.