Kiu ya bia imezidi tangu Jumatano ya Majivu

Kaka, unasema umeacha bia kwa ajili ya Kwaresima, lakini kiu imekuwa kali kuliko zamani, hata unajiona mnafiki kwenye Njia ya Msalaba. Hapana, kaka. Kujaribiwa si dhambi. Soma Mathayo 4: Roho ndiye aliyemwongoza Yesu nyikani, na mjaribu akamjia akiwa na njaa baada ya kufunga siku 40. Mara zote tatu alizojaribiwa, Yesu alimjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati.

Kiu hiyo ilikuwepo siku zote. Ulikuwa unaitii tu. Sasa unaiona, na unaweza kuikatalia. Huo ndio uhuru unaoanza.

Ijumaa jioni usikae peke yako, mpigie mwanajumuiya mwenzako unayemwamini. Na kama mikono inatetemeka kwa kukosa pombe, nenda hospitali leo.