Maji yamepimwa, tope je?

SWALI: Mto unaopita chini ya mialo yetu ya kuchenjulia dhahabu ulipimwa maji mara moja, tukaambiwa zebaki iko chini ya kiwango. Tunaweza kuendelea hivi hivi kwa miaka mingi? – Msomaji, Geita

JIBU: Kipimo hicho hakitoshi kujibu swali lako. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.006 kwa lita, ni cha maji ya kunywa. Zebaki haiozi. Huzama ikang'ang'ania tope, na humo bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki inayoingia kwa samaki. Kule Minamata, Japani, kiwanda kiliacha kuimwaga mwaka 1968, lakini kazi ya kuondoa tope la ghuba ilianza 1977 ikaisha 1990.

Kwa hiyo pimeni tope. Chukueni sentimita 2 za juu mahali maji yanapotulia, juu ya mialo na chini yake, mwezi uleule kila mwaka. Lichekecheni kwa chekeche la mikroni 63, kwani zebaki hushika chembe laini. Ukilinganisha mchanga wa mwaka huu na tope la mwaka jana, umejidanganya. Mkitaka kujua hali ilivyokuwa kabla ya uchimbaji, zamisheni bomba kwenye tope lisilovurugwa, mkate vipande vya sentimita 2 na kupima kila kimoja; vya chini ndivyo vya zamani. Zebaki ikiwa inapanda kadiri mnavyokaribia juu, basi inaingia kuliko inavyotoka, na mwendo huo haudumu hata kama leo mko chini ya kiwango.

Samaki walinganishwe wa urefu mmoja, maana sangara mkubwa hubeba zaidi. Kiwango cha wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Kwa mama wa kilo 60, kikomo ni mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki mwenye miligramu 0.2 kwa kilo humjazia kiasi hicho kwa gramu 480 tu.

SWALI: Tukinunua ritoti, kile chombo cha kuchomea donge kinachonasa mvuke wa zebaki, tatizo litakwisha?

JIBU: Litapungua. Ritoti nzuri hurudisha hadi asilimia 95 ya zebaki iliyo kwenye donge la dhahabu na zebaki. Mkichoma kilo 1 ya zebaki kwa mwezi hadharani, ni kilo 120 kwa miaka 10. Kwa ritoti, 6. Lakini ile iliyokwenda na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, haiguswi, na wanaotia zebaki moja kwa moja kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hupoteza nyingi humo. Tenganisheni kwanza mchanga mzito, zebaki iguse huo tu. Marudio yenye zebaki msiyapeleke kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kabla ya kuitoa: sayanaidi huiyeyusha, nayo husafiri mbali zaidi na maji. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka jambo hilo likomeshwe, pamoja na kuchoma donge hadharani.