Kuhusu wanaowazuia akina mama mlangoni mwa kituo cha afya

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeeleza kwamba mkeo, huko kaskazini ya Pemba, ameacha kwenda kudungwa sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu ya watu wanaokaa njiani mbele ya kituo cha afya, wakiwaita akina mama wauaji na kuwapiga picha kwa simu. Na umeuliza kama nasi tunahitaji sheria ya mita 150 kama ile ambayo mdogo wako anayeishi Uingereza amekusimulia. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga Pemba kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na jambo hili lilitufika, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Sheria hiyo ipo, ila inahusu huduma nyingine. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, katika England na Wales, ni kosa kwa mtu aliye ndani ya mita 150 kutoka kwenye kliniki ya kutoa mimba kumzuia anayeingia, kumbughudhi, au kujaribu kumgeuza uamuzi wake. Scotland ilitangulia mwezi mmoja kabla, na huko kipimo ni mita 200. Sheria zetu hazikubali huduma hiyo kama zinavyoikubali za kwao, wala sikuandika ili tuijadili. Linalotuhusu ni namna walivyofikiri: hawakumkataza mtu kuwa na rai yake, wala kuitangaza mjini, bali walimkataza kuipeleka kwa mgonjwa aliye hatua chache kutoka mlango wa daktari. Marekani walichelewa kulitambua hilo kwa gharama kubwa, kwani daktari David Gunn aliuawa nje ya kliniki huko Florida mwaka 1993, na mwaka uliofuata ndipo ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayokataza kutumia nguvu, vitisho au kizuizi dhidi ya wanaoingia. Kanada nao, mwishoni mwa mwaka 2021, baada ya hospitali zao kuzongwa na wapinzani wa masharti ya Uviko, waliweka kosa la jinai kumtisha mgonjwa au mhudumu wa afya, iwe huduma anayoifuata ni ipi. Mimi naiona hii ya Kanada kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na haja yetu.

Mita 150 kwa vijiji vyetu hazitufai, na nitakwambia kwa nini. Pima mwenyewe kutoka kwenye mlango wa kituo chenu: ndani ya kipimo hicho utaukuta msikiti, duka, skuli na baraza ambalo wazee wanakunywa kahawa tangu kituo hakijajengwa. Ukiliwekea eneo lote hilo katazo, utakuwa umewakosea watu wasio na kosa, na waliokusudia ubaya watahamia kwenye njia panda. Afadhali katazo liyataje matendo: kumfuata mtu, kumsimamisha, kumpiga picha, kumtaja jina, kumtolea maneno ya kumtisha au kumvunjia heshima akiwa anaelekea kutibiwa.

Kwetu sisi walianza watu wachache wenye kipaza sauti, na walikuwa wakija siku moja tu ya wiki, ile tuliyoitenga kwa uzazi wa mpango. Kwanza wenzangu wawili walitoka kwenda kubishana nao, wakajibiwa kwa sauti kubwa zaidi, na watu wakajaa kutazama. Mama aliyekuwa bado hajafika akaona kundi kwa mbali akageuza. Kisha ikaletwa gari ya polisi wenye silaha. Wale wasumbufu waliondoka, ni kweli, lakini akina mama nao hawakuja, kwa kuwa mwanamke wa shamba akiona askari mlangoni hudhani pana kesi, na hataki jina lake lihusishwe. Miezi ile niliwapokea chumba cha uzazi wanawake niliowajua kwa kadi zao, wenye watoto wachanga wasiojua kutembea, wakiwa na mimba ambazo hawakuzikusudia, na mmoja alitoka damu nyingi mno baada ya kuzaa. Alipona, alhamdulillahi, lakini sijapata kuyaita yale maneno ya getini kuwa ni maneno tu.

Lililosaidia lilikuwa la utaratibu. Tuliifuta siku maalumu, tukautoa uzazi wa mpango kila siku pamoja na chanjo, mizani ya watoto na kliniki ya wajawazito, hata aliye nje asiweze kujua nani amefuata nini. Kadi tukaziweka kituoni badala ya mama kwenda nayo mkononi. Tukawa tunaandika kwenye daftari kila tukio, tarehe yake, saa na maneno yaliyosemwa, na daftari hilo ndilo daktari dhamana alilolipeleka kwa sheha na kwa mkuu wa wilaya. Malalamiko ya mdomo yalikuwa yamekwisha kupuuzwa. Sheha aliwaita wale watu kwao, si mbele ya umati, akawaambia kwamba mawaidha yao wayatoe msikitini au barazani, lakini kipande cha njia kutoka barabarani hadi mlangoni ni cha wagonjwa. Walikubali kwa shida. Mlinzi, mzee wa kijiji hicho hicho asiye na silaha, akapewa kazi ya kuwapokea akina mama tangu barabarani, na huyo mzee alitufaa kuliko gari ya polisi.

Usiwaruhusu wakuingize kwenye mjadala wa halali na haramu pale njiani. Masheikh wenyewe wana maelezo marefu kuhusu kupanga uzazi kwa wanandoa, na mwenye shaka aende akawaulize kwa utulivu. Lakini hata anayeona si halali hana ruhusa ya kumfedhehesha mke wa mtu hadharani. Hilo khatibu wetu alilisema Ijumaa, kwa ombi letu, na lilisikilizwa na watu ambao sisi wauguzi tusingeweza kuwafikia.

Kwa upande wako, mwone dhamana wa kituo, wewe mwenyewe pamoja na waume wengine wawili au watatu ambao wake zao wamesumbuliwa, kwani nimeona kauli ya waume ikiharakisha mambo. Uliza kama siku maalumu inaweza kufutwa. Na mkeo asisubiri hayo yaishe: sindano ya miezi 3, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, inaweza kutolewa hadi wiki 4 baada ya tarehe aliyopangiwa kurudi, kwa hiyo ahesabu kutoka tarehe hiyo ya kurudi iliyo kwenye kadi, na kama muda unakaribia, mpeleke kituo cha shehia nyingine wiki hii hii.