Papua New Guinea: mawimbi au milima?

Ndugu, umeuliza kama wiki tatu za Julai zitatosha kuteleza mawimbini Vanimo na kisha kutembea njia ya milimani ya Kokoda, huko Papua New Guinea. Siku zinatosha, tatizo ni majira. Mawimbi ya kaskazini, katika miji ya Vanimo na Kavieng, huja kati ya Novemba na Aprili, ilhali Kokoda, yenye urefu wa takriban kilomita 96, hupitika vizuri wakati wa kiangazi, Mei hadi Oktoba. Mwishoni mwa Aprili unaweza kuonja vyote viwili, ingawa huko ni kubahatisha. Mimi ningechagua mawimbi, na kuihamisha safari hadi majira yake.

Usitegemee gari, kwa kuwa hakuna barabara inayounganisha mji mkuu, Port Moresby, na Vanimo wala Kavieng. Utapanda ndege, na kwa kuwa ubao mrefu wa kutelezea unaweza kukataliwa katika ndege ndogo, uliza kabla ya kulipa nauli. Mawimbi mengi huvunjikia juu ya matumbawe, na mkwaruzo mdogo hufanya usaha upesi katika joto lile, basi beba dawa ya vidonda na viatu vya mpira. Malaria ipo, muone daktari mapema akupe dawa za kinga. Ardhi karibu yote ni mali ya koo, kwa hiyo omba ruhusa kijijini kabla ya kuingia ufukweni, ukiwa na kina, sarafu ya huko, taslimu katika noti ndogo.