Kabla hujashusha gari, funga ndala chini yake

Toyota Altezza yangu niliishusha, yaani kuipunguza kimo ikae karibu na ardhi, mara mbili. Mara ya kwanza ilichukua alasiri moja na shilingi 40,000, kwenye gereji ya mtaani hapa Mbeya. Fundi alizitoa springi zote nne, akakata mzunguko mmoja na nusu kila moja kwa grainda, akazirudisha. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia, matairi yamejaa kwenye madigadi. Nikatoka nalo Kabwe mpaka Soweto mwendo wa arusi, vioo vyote chini, vijana wa bodaboda wakinipigia honi. Raha ile nilikula siku kumi na moja.

Ya kumi na mbili mvua ikanyesha. Njia ya kwangu inaacha lami, inavuka kalavati, halafu kuna kama mita 300 za udongo. Kiangazi huioni shida yake. Lakini kuanzia Novemba mpaka Aprili, bajaji na malori ya tofali yanachimba mifereji miwili na kuacha mgongo wa mawe katikati. Usiku ule nilisikia kitu kikikwaruza chini kwa nguvu. Nikaongeza sauti ya redio. Nasema kweli, ndicho nilichofanya.

Asubuhi, nikiwa nimeshapanda lami, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajiambia ngoja nifike sheli, si mbali. Sheli nilifika kwa kusukumwa. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka, oili yote imebaki njiani, injini imeshika. Kama umesoma mpaka hapa na utaondoka na jambo moja tu, basi ni hili: taa ile ikiwaka, zima injini pale pale ulipo, hata kama ni katikati ya barabara na watu wa daladala wanakutukana. Na sampu isipovuja usishangilie mapema. Ikibonyea kwenda ndani inaweza kulifikia chujio linalonyonya oili, pampu ikakosa cha kuvuta, nawe chini ya gari huoni hata tone. Ukigonga jiwe, simama, lala chini, tazama.

Nilinunua injini ya mtumba. Springi nikaziacha zilezile zilizokatwa, kwa ubishi tu, miezi miwili mingine. Ndiyo iliyonifundisha springi ya grainda ni kitu gani. Ikipungua mizunguko inakuwa ngumu, kwa hiyo gari linarukaruka kama mbuzi. Shokapu nazo zimepimwa kwa springi ndefu. Ukizipa fupi, zinafanya kazi zikiwa karibu zimefika mwisho, na kila shimo linaishia kwenye ule mpira wa kuzuia. Zangu mbili za nyuma zilianza kuvuja. Kilichoniogopesha hasa nilikiona siku ya kubadilisha tairi: nilipopiga jeki, springi ililegea kwenye kikombe chake, naishika kwa mkono inacheza. Hebu fikiri tairi linaning'inia hivyo ukiwa kwenye mteremko wa Iwambi, lori mbele, lori nyuma.

Fundi mwingine alinishauri tuzichome kwa gesi zilale zenyewe. Hiyo kataa hata kama anakufanyia bure. Chuma cha springi kikishika moto kinapoteza nguvu yake ya kurudi. Kinaweza kuendelea kulala kidogo kidogo, au kikatike ukiwa safarini.

Matairi pia yaliisha vibaya. Gari likishuka, matairi huinamia ndani kwa juu, na ukiangalia kutoka nje unaona tairi zuri kabisa. Pitisha mkono upande wa ndani: kipara, nyuzi zinachungulia. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi, si jambo la hiari baada ya kushusha, na usiifanye siku ileile. Tembea wiki moja springi zikae, ndipo upime. Mwambie fundi atazame na taa. Langu lilishuka mbele zaidi ya nyuma, taa zikawa zinamulika hatua chache tu mbele ya bampa. Kwenye ukungu wa Isongole usiku, nilikuwa naendesha kwa kufuata taa za nyuma za basi.

Sasa ndala. Kabla ya kushusha mara ya pili, gari likiwa limerudi kimo chake cha kawaida, nilitaka kujua njia zangu zinakubali nini, si picha za magari ya Dar es Salaam zinasema nini. Ndala mbili za kawaida zikibebana ni kama sentimita 3. Nilizikata vipande, nikavifunga kwa waya chini ya ule mwamba unaobeba injini, na vingine karibu na sehemu ya kupigia jeki kila upande. Nikavipaka chokaa kwa chini. Usivifunge kwenye ekzosi, vitayeyuka na harufu yake utaipata ndani ya gari, na vikae mbali na chochote kinachozunguka. Kisha nikaishi maisha yangu ya kawaida kwa wiki: kazini, Uyole kununua viazi, kanisani, shule ya watoto. Nilianza na ndala nne, yaani sentimita 6. Hazikumaliza siku mbili, moja niliikuta kwa jirani inachezewa na mbwa. Nilipobaki na mbili, chokaa ilikwaruzwa mahali pamoja tu, pale kwenye kalavati.

Kwa hiyo nilishuka sentimita 3, basi. Niliagiza Dar springi fupi za kiwandani pamoja na shokapu zilizotengenezwa kuendana nazo, vikaja kwa basi. Kutoka chini mpaka kwenye ule mwamba gari lilikuwa na sentimita 14.5, sasa lina 11.5. Springi za grainda zilikuwa zimenipeleka kwenye 8. Ukisimama mbali hutofautishi sana na lilivyokuwa na springi za grainda. Fundi nilimwomba pia afunge bamba la chuma la kukinga sampu, lenye tundu la kumwagia oili ili asilifungue kila sevisi. Kama una bima kubwa, mweleze wakala wako kabla, si baada ya ajali.

Matuta yana namna yake. Lile pana lililolala halina neno. Adui ni lile fupi lenye ncha, la kujengwa na wanakijiji baada ya mtoto kugongwa, na siwalaumu. Altezza ina mita 2.67 kati ya tairi la mbele na la nyuma, na tuta la namna hiyo linaingia lote hapo katikati. Lipande kwa mshazari, tairi moja moja, baada ya kuhakikisha hakuna bodaboda anayekuja ubavuni. Breki kanyaga kabla. Tairi la mbele linapogusa tuta uwe umeshaachia, maana breki inainamisha pua ya gari wakati ambao unataka inyanyuke. Na kwenye barabara kuu ya Tunduma, pale malori yalipobonyeza lami mpaka imefanya mitaro, usitumbukize matairi humo ukasugua tumbo. Panda mgongo kwa tairi za upande mmoja, nenda polepole.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni Tukuyu. Kwa mama hutoki mikono mitupu: mikungu ya ndizi, debe la maharage, na shangazi anayeomba lifti mpaka mjini. Nyuma kunashuka, hesabu zako zote zinabadilika. Safari ya kwanza nilimwomba mama ashuke tupite tuta. Akanitazama. "Mwanangu, yaani mimi nishuke ili gari lipite?" Alishuka, akatembea, akaniaga hapohapo na kupanda kosta. Mpaka leo akija Mbeya anakuja na kosta.

Ile kalavati niliimaliza mwaka huohuo. Nilikwenda kwa majirani kuomba tuchangie tripu mbili za kifusi na kibarua cha siku moja cha kusawazisha. Mwenye Noah alitoa bila maneno, wa bajaji wakatoa nguvu zao na makoleo. Mmoja tu alikataa, mwenye Land Cruiser. Alisema yeye njia haijawahi kumsumbua, na kwamba aliyenituma nishushe gari ndiye anunue kifusi.